Kuchora katajjaq: makaa yaende kwenye pengo, si kwenye manyoya

Msomaji, mwanafunzi wa sanaa aliyeko Morogoro, anauliza: "Nimesikiliza rekodi za wanawake wa Aktiki wanaoimba kwa koo, nikataka kutengeneza michoro mitano au sita ya makaa na penseli. Kila nikianza naishia na wanawake wawili waliovaa manyoya mbele ya nyumba ya barafu, na mchoro unakuwa bubu kabisa. Nichore nini hasa ili sauti ionekane? Na je, kuna ubaya mtu wa huku kuchora jambo la watu wale?"

Mchoro wako ni bubu kwa sababu umewachora waimbaji ukauacha wimbo. Manyoya na barafu humweleza mtazamaji ni wapi; hayamwelezi kinasikika nini. Kinachosikika hapo ni pumzi za watu wawili zikipishana katika nafasi finyu kati ya kinywa na kinywa. Pengo hilo ndilo la kuchora.

Lakini hakikisha kwanza rekodi uliyonayo ni yenyewe, maana mitandaoni "kuimba kwa koo" ni kapu moja lenye vitu visivyo na undugu. Ukisikia mtu mmoja, mara nyingi mwanamume, akishikilia sauti nzito isiyokatika huku juu yake kukilia mluzi mwembamba, hiyo ni khoomei ya Tuva na Mongolia, mbali kusini mwa Aktiki. Ile ingechorwa kwa mistari miwili mirefu ya mlalo, na ushauri wangu wote ungebadilika. Ukisikia sauti mbili zinazokwaruza, kuhema na kugongana kwa kasi, hiyo ni katajjaq ya Wainuiti, hasa wa Nunavik kaskazini mwa Quebec na wa kusini mwa kisiwa cha Baffin, nchini Kanada. Wachukchi wa kaskazini-mashariki mwa Siberia nao wana uimbaji wa koo wa namna yao. Waainu wa Sakhalin, kisiwa kilicho kaskazini mwa Japani, walikuwa na rekuhkara, ambapo wanawake wawili waliunganisha viganja kama bomba kati ya vinywa vyao. Huo ulikatika katika karne ya 20.

Katika katajjaq wanawake wawili husimama uso kwa uso, wameshikana mikono karibu na viwiko, wakiyumba pamoja. Zamani midomo ilikaribiana kiasi cha kila mmoja kutumia uvungu wa kinywa cha mwenzake kama mtungi wa kukuzia sauti. Ni mchezo: anayeishiwa pumzi, anayepoteza mdundo au anayecheka ndiye aliyeshindwa, na raundi moja kwa kawaida haizidi dakika tatu.

Sisi tuna njia ya mkato ya kuuelewa muundo wake: watu wawili wakitwanga katika kinu kimoja. Mchi huu ukishuka ule uko juu, na aliye nyuma ya ukuta husikia mdundo mmoja wa haraka kuliko mkono wa mtu yeyote. Kiongozi wa katajjaq hutoa kipande kifupi cha sauti, akaacha upenyo, akakirudia; mwenzake huuziba upenyo ule kwa kipande hichohicho au kingine, akiwa nyuma kidogo. Usiufananishe na kuitikia kwenye kwaya. Huku hakuna anayesubiri mwenziwe amalize, na baada ya muda sikio haliwezi tena kusema sauti ipi ni ya nani.

Jean-Jacques Nattiez wa Montreal, mtafiti wa muziki aliyeandika sana kuhusu michezo hii, alichambua kila kipande akakuta ndani yake mambo matano: neno au silabi, mdundo, mkondo wa kupanda na kushuka, mpangilio wa sauti ghuna na zisizo ghuna, na mpangilio wa sauti za kuvuta pumzi na za kutoa pumzi. Kwa mchoraji mawili ya mwisho ni dhahabu. Ukiyazidisha unapata aina nne tu za sauti, na aina nne za sauti zinataka aina nne za alama kwenye karatasi. Ukisahau maana ya ghuna, weka vidole kwenye koromeo useme "zzz", kisha "sss". Ya kwanza inatetema, ya pili haitetemi.

Karatasi yako usiianze ikiwa nyeupe. Ianze ikiwa ya kijivu, kwa sababu nusu ya uimbaji huu ni kuvuta hewa ndani, na kuvuta hakuchoreki vizuri kwa kuongeza. Kunachoreka kwa kuondoa. Chukua karatasi ya ukubwa wa A2, yaani milimita 420 kwa 594, yenye uzito usiopungua gramu 160 kwa mita ya mraba. Manila nyembamba itachanika ukianza kufuta. Ibandike kwenye ubao kwa tepu ya karatasi pande zote nne. Saga kijiti kimoja au viwili vya makaa laini ya kuchorea, mwaga unga juu ya karatasi, usambaze kwa kitambaa kikavu cha pamba kwa mizunguko midogo mpaka upate kijivu cha kati, kama wingu ambalo bado halijaamua kunyesha. Usisambaze kwa vidole. Mafuta ya ngozi hugandisha makaa, na mahali ulipogusa kifutio hakitarudisha weupe hata ukisugua mpaka karatasi iote nywele.

Makaa ya jikoni hayafai. Ni magumu, yanakwaruza, na punje zake huacha mifereji. Kama ya dukani hupati, tengeneza: vijiti vikavu vilivyomenywa gome, unene wa penseli, vipange kwenye mkebe wa bati wenye mfuniko unaobana, toboa tundu moja la msumari kwenye mfuniko, weka kwenye moto mpaka moshi ukome kutoka tunduni. Uache mkebe upoe kabisa kabla ya kuufungua. Ukifungua mapema hewa inaingia, vijiti vinashika moto na unabaki na majivu.

Sasa alama zenyewe. Sauti ghuna ya kutoa pumzi: makaa magumu yaliyoshindiliwa, ubavu wa kijiti, kandamiza na usukume kwenda mbali na mwili wako. Sauti ghuna ya kuvuta: kijiti hichohicho, kandamiza, lakini vuta kuja kwako. Mwelekeo wa mkono hubaki kwenye karatasi, maana mwanzo wa alama huwa mzito na mwisho wake hupasuka, hivyo mtazamaji ataona tofauti bila kuambiwa. Sauti isiyo ghuna ya kutoa: unga wa makaa kwenye kona ya kitambaa, pangusa mara moja, usirudie. Isiyo ghuna ya kuvuta: kifutio laini cha kufinyanga, kichonge kama ulimi, ondoa kijivu kwa pigo moja. Hiyo ya mwisho ndiyo itakayoufanya mchoro upumue. Kifutio kikikosekana, tumia ile gundi laini ya kubandikia mabango ukutani, au nyama ya ndani ya mkate mkavu usiotiwa siagi. Chapati, hapana; mafuta yake yataacha doa la kudumu.

Jaza karatasi nzima ya majaribio kwa alama hizi nne kabla ya kugusa kazi, angalau alama thelathini za kila aina. Zikifanana, tatizo huwa ni moja kati ya mawili: ama unakandamiza sawa kwa zote, ama makaa magumu umeyaweka chini na laini juu. Makaa magumu hayafutiki. Yawe ya mwisho daima.

Kusikiliza nako kuna utaratibu wake. Tafuta sekunde 20 hadi 30 za rekodi, si raundi nzima. Mara ya kwanza funga macho. Mara ya pili gonga meza: mkono wa kulia kwa kiongozi, wa kushoto kwa mfuasi. Utapotea, na hiyo ni kawaida. Vaa spika za masikioni. Kwenye baadhi ya rekodi kila mwimbaji ameelemea upande wake, kwa hiyo ukivua upande mmoja utamsikia mmoja vizuri zaidi. Programu ya bure kama Audacity itapunguza mwendo hadi nusu bila kushusha sauti. Humohumo unaweza kuifungua rekodi kama spektrogramu, yaani picha inayoonyesha sauti nzito na nyembamba kadiri muda unavyokwenda: sauti ghuna zitaonekana kama mistari ya mlalo iliyopangana, zisizo ghuna kama vumbi lililotawanyika. Weka upana wa dirisha, yaani kipande cha sauti ambacho programu inakichambua kwa mara moja, kuwa 512 ukitaka kuona mdundo, 2048 ukitaka kuona mkondo wa sauti. Huwezi kupata vyote viwili kwa usawa, kwa kuwa dirisha pana hutia ukungu kwenye muda. Itazame ikusaidie kujua alama ipi inakuja lini, kisha zima kompyuta. Anayenakili spektrogramu hupata picha ya maabara, na mashine inachora picha hiyo vizuri kuliko mkono wowote.

Gawanya karatasi hivi. Ilaze, acha milimita 27 kila upande, zibaki 540. Zigawe kwa 30, utapata nafasi 18, kila nafasi kipande kimoja cha sauti. Kwa wima acha milimita 30 juu na 30 chini, zibaki 360: ukanda wa juu 150 ni wa kiongozi, wa chini 150 ni wa mfuasi, na katikati milimita 60 ni pengo. Kipimo hiki kichore kwenye karatasi ya kutresi uiweke pembeni kama mwongozo, au tia vidoto vya penseli ya HB ukingoni tu. Mistari ya gridi iliyokandamizwa haifutiki chini ya makaa.

Ukanda wa mfuasi uanze nyuma ya kiongozi. Hapa wengi huweka milimita 15, nusu kamili ya 30, na mchoro unageuka ukuta wa matofali. Sikiliza tena. Mara nyingi mfuasi haingii katikati barabara. Anaingia mapema kidogo au anachelewa kidogo, na umbali huo hauwi sawa toka mwanzo hadi mwisho. Jaribu 10, au 12, kisha uache mkono ulegee. Alama za juu zishuke kuingia kwenye pengo, za chini zipande kuingia humohumo, zikutane kama meno ya chanuo mbili zilizoingiliana. Milimita 60 hizo ndizo zenye wimbo. Ukiziacha tupu una mistari miwili ya mapambo, ukizijaza weusi mtupu una mkeka. Lenga hali ambayo, ukisimama hatua tatu nyuma, huwezi kusema alama fulani ya katikati ilitoka juu au chini.

Kiongozi hubadilisha kipande anapotaka, na mfuasi humkimbilia. Kwa hiyo usirudie alama moja nafasi zote 18. Badilisha mahali pawili au patatu, na mabadiliko ya ukanda wa chini yachelewe nafasi moja. Mwisho wa raundi ni kicheko au pumzi iliyokata. Kwenye karatasi, nafasi mbili tatu za mwisho zivunjike: ukanda mmoja upoteze kipimo, alama ziwe ndefu mno au zisimame, mwingine uendelee peke yake kidogo kisha uishe. Usirekebishe. Watu huniuliza kama waandike vicheko au vibofu vya maneno vya katuni; jibu ni hapana, na ni lilelile kwa noti za muziki zinazoelea hewani.

Ukishazoea, ipo njia ninayoiona bora kuliko zote, ingawa inahitaji mwenzako. Ketini pande mbili za meza, karatasi moja katikati, kila mmoja na makaa yake. Mmoja anaongoza kwa alama fupi inayorudiwa, mwingine anaingia kwenye upenyo, bila rekodi, mdundo ukitoka kwenye sauti ya makaa yenyewe juu ya karatasi. Anayepoteza mdundo au anayecheka anainua mkono, na mchoro umekwisha hapohapo. Huna haja ya kuigiza sauti za koo wala kuvaa chochote. Umeuchukua muundo wa mchezo, na ndio unaobeba maana. Raundi tatu za kwanza zitakuwa fujo, kwa kawaida kwa sababu kiongozi anakwenda kasi kuonyesha umahiri. Aanze na kipande cha sekunde mbili nzima.

Tahadhari moja ya afya: wengine hujaribu kuchora huku wakihema kwa mwendo wa rekodi. Dakika moja ya hivyo kwa mtu asiyezoea huleta kizunguzungu, na unga wa makaa unaingia mapafuni. Fanya kazi penye hewa, vaa barakoa unaposaga, na usipulize unga uliozidi. Geuza ubao wima uugonge kwa nyuma. Mate ya kupuliza huacha madoa ambayo baadaye hushika makaa kama nzi kwenye asali.

Kama bado unataka sura za watu, basi chora shingo. Vazi likae nyuma. Mtu anapoimba hivi kidevu hushuka kidogo, kano mbili za shingo husimama, koromeo hucheza, macho huwa wazi yakimtazama mwenzake kwa utani wa kumshinda. Hatari yako kubwa ni kwamba nyuso mbili za upande zilizokaribiana husomeka kama watu wanaobusiana. Kuepuka hilo, geuza mmoja robo kuelekea kwa mtazamaji, pandisha bega la mmoja kuliko la mwenzake kwa sababu uzito wao hupokezana, na onyesha mikono ikiwa imekamata viwiko. Kichwa kikiwa na urefu wa sentimita 12, acha sentimita 2 hadi 3 kati ya midomo, na hapo ndipo uweke weusi mzito kuliko wote katika mchoro, au weupe mkali kuliko wote. Kimoja tu.

Vazi ukilichora, lichore kwa usahihi. Amauti ni koti la mwanamke lenye mfuko mgongoni wa kubebea mtoto na kofia pana inayowatosha wote wawili. Mtoto aliyemo humo husikia mtetemo wa wimbo moja kwa moja kupitia mgongo wa mama, na hilo lingekuwa mchoro wa kutosha peke yake. Nyumba ya theluji ilikuwa ya majira ya baridi na safari, kiangazi watu walikaa kwenye mahema ya ngozi, na leo katajjaq husikika jikoni, shuleni na ukumbini. Ukitaka mwanga wa zamani, ni wa qulliq, taa ya jiwe yenye umbo la nusu mwezi inayowaka kwa mafuta ya sili: mwanga wa chini, mpana, unaopiga kidevu kabla ya paji. Pengwini hawaishi Aktiki. Nguzo za sanamu zilizochongwa ni za watu wengine, wa pwani ya Pasifiki. Na usichore bata-bukini, mto au msumeno pembeni ati kwa kuwa sauti fulani inaiga vitu hivyo. Ni kweli vinaigwa, lakini mchoro utakuwa bango la darasa la tatu.

Kuhusu ubaya. Kuchora baada ya kusikiliza hakuna ubaya. Kujifanya ndiko kwenye ubaya. Wamisionari walikataza uimbaji huu katika karne ya 20, ukanusurika kwa kumbukumbu za wanawake wazee, ukaanza kurudi kwa nguvu kuanzia miaka ya 1980. Mwaka 2014 serikali ya Quebec iliutangaza urithi wa utamaduni usioshikika, wa kwanza kupewa hadhi hiyo chini ya sheria yake ya urithi. Watu waliolipia hivyo wana haki ya kutajwa. Andika jina katajjaq na watu wake. Ukitumia rekodi, andika majina ya waimbaji nyuma ya mchoro na kwenye maelezo ya maonyesho. Ukichora sura kutoka kwenye picha ya mtu anayejulikana, omba ruhusa kwanza. Michoro ya usoni ya wanawake inayochanjwa kwenye ngozi, tunniit, iache. Nayo ilikatazwa, inarudishwa sasa na wanawake wenyewe, na kila mstari una mwenyewe. Herufi za Kiinuktituti, lugha ya Wainuiti, nazo si pambo.

Usiige pia mtindo wa Kinngait, mji wa Wainuiti uliokuwa ukiitwa Cape Dorset, ambao umekuwa ukitoa mkusanyo wa chapa za sanaa kila mwaka tangu 1959. Isome kazi yao kwa makini, hasa ya Kenojuak Ashevak na Pitseolak Ashoona, uone jinsi wanavyoiacha karatasi tupu bila upeo wala usuli na umbo bado linasimama imara. Shuvinai Ashoona atakuonyesha penseli za rangi zinaweza kufika wapi. Kazi za sanaa za Wainuiti zina alama yao ya biashara, Igloo Tag, iliyoanza 1958 kuzitenga na za kuiga, kwa hiyo usiuze chako kwa jina la sanaa ya Kiinuiti hata kwa bahati mbaya.

Kwa michoro sita, mitano ya kwanza kila mmoja ushike jambo moja kati ya yale matano ya Nattiez na mengine uyatulize. Wa sita uwe ule wa watu wawili mezani. Kuilinda kazi, dawa maalumu ya kugandisha makaa ni bora. Sprei ya nywele hutumika, sentimita 40 kutoka kwenye karatasi, tabaka mbili nyepesi, lakini baada ya muda huleta umanjano na weupe ulioupata kwa kifutio hufifia siku hiyohiyo. Kwa kuwa weupe huo ndio pumzi ya kuvuta, mimi ningeacha bila dawa, nikaweka kioo chenye fremu ya kadi nene ili kisiguse makaa. Piga picha kabla ya kuweka kioo, karibu na dirisha, jua likiwa upande, bila flashi.

Na chini yake andika hivi: "Baada ya kusikiliza katajjaq ya Nunavik," majina ya waimbaji, kisha lako.